Laki, Aisilandi, 1783: miezi minane ya moto na nyasi zilizoangamiza mifugo (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Vuteni viti, huu ni mrefu.

Volkano ikilipuka popote duniani, picha zinazosambaa ni zile zile: mto wa moto unashuka, nyumba inamezwa, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia volkano tunawaza lava. Ninayoileta leo iliondoka na takriban mtu mmoja kati ya kila watano katika nchi nzima, na wengi mno kati ya hao hawakuwahi hata kuiona lava yenyewe. Waliuawa na njaa, na njaa ilianzia kwenye nyasi.

Tuanze na mahali. Aisilandi iko juu ya ule mpasuko mrefu unaopita katikati ya Bahari ya Atlantiki, ambako mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Isitoshe, chini ya kisiwa kuna joto linalopanda kutoka kina kirefu, ndiyo maana sehemu hiyo ya mpasuko imeinuka ikawa nchi kavu wakati sehemu nyingine zimebaki chini ya bahari.

Kusini-mashariki mwa nchi kuna Vatnajökull, barafu kubwa kuliko zote nchini humo, na chini ya barafu hiyo iko volkano ya Grímsvötn. Mfumo wake wa nyufa unatoka chini ya barafu na kushuka kusini-magharibi hadi nyanda za juu za wilaya ya Síða. Hapo katikati kuna mlima wa mita 800 na kidogo unaoitwa Laki. Mlima wenyewe haukulipuka. Ardhi ilipasuka upande wake huu na upande wake ule, ufa wa kilomita 27, na juu ya ufa huo zikabaki kreta (mashimo ya kutolea moto) zaidi ya 130 zimejipanga mstari mmoja kama vichuguu. Kwa hiyo msitafute kilele cha kupanda kama Meru au Kilimanjaro. Volkano hii ni mstari uliochorwa ardhini. Wenyeji huziita kreta zile Lakagígar, na mlipuko wenyewe Skaftáreldar, yaani moto wa Skaftá, kwa jina la mto uliopita hapo.

Tunayajua mengi ya siku hizo kwa sababu ya mtu mmoja, mchungaji Jón Steingrímsson, aliyeongoza usharika wa Kirkjubæjarklaustur, chini ya nyanda hizo. Alikuwa pia anatibu watu, na alikuwa na tabia ya kuandika kila alichokiona. Anaeleza kwamba majira ya kuchipua ya mwaka ule yalikuwa mazuri, malisho yamekubali, mifugo imenona. Halafu Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 1783, saa tatu asubuhi, wingu jeusi likatokea kaskazini na kufunika wilaya. Ndani ya nyumba giza, nje majivu. Mvua iliyofuata iliwasha macho na ngozi. Majani mapana ya mimea yakatoboka matundu pale matone yalipoangukia, na kondoo waliokuwa wametoka kunyolewa manyoya wakatokwa na alama za kuungua mgongoni.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza, wakuu. Lava ilikuwa bado mbali huko juu.

Mto Skaftá, mto mkubwa wa kuvusha watu kwa mashua, ukaanza kupungua hadi ukakauka. Tarehe 12 Juni kile kilichoshika nafasi ya maji kikatokea: lava ilikuwa imejaza korongo lote la mto, ikamwagika kwenye nyanda za chini zenye mashamba. Ufa haukufunguka wote kwa pamoja. Ulifunguka kwa vipande kama kumi, na kila kipande kilitanguliwa na mitetemeko, kikafuata mlipuko wa majivu, kisha chemchemi za moto zinazokadiriwa kurusha lava zaidi ya mita 800 angani. Mwishoni mwa Julai nyufa zikafunguka upande wa kaskazini-mashariki wa Laki, lava ikapata njia ya pili kupitia korongo la mto Hverfisfljót. Wakulima waliokuwa wamekimbilia upande huo wakajikuta wamezungukwa.

Yote yalikoma tarehe 7 Februari 1784. Lava ilikuwa imefunika takriban kilomita za mraba 600, eneo linalokaribia lile la jiji zima la Nairobi, na ujazo wake ni karibu kilomita za ujazo 15.

Naendelea hapo chini, nipeni dakika.

#2

Mkuu shusha, tupo. Niliwahi kusikia kuna mchungaji alisimamisha lava kwa maombi. Ndiye huyo?

#3 – Mleta uzi

Ndiye. Tarehe 20 Julai 1783, Jumapili, lava ilikuwa inakaribia kanisa la Klaustur, ndiyo Kirkjubæjarklaustur kwa kifupi. Jón akawaita waumini, akaendesha ibada ambayo wote waliohudhuria walidhani ni ya mwisho ndani ya jengo lile. Radi na mitetemeko vilikuwa vinatikisa kanisa. Ibada ilipokwisha wakatoka kwenda kuangalia, wakakuta lava imejirundika mahali pale pale, haijasogea mbele, huku maji ya mito iliyozibwa yakiimwagikia. Tangu hapo aliitwa mchungaji wa moto, na ibada ile inaitwa Eldmessa, misa ya moto. Wanajiolojia watasema maji yaliipoza ncha ya lava. Waumini walisema walilosema. Mimi ninayemheshimu ni yule Jón wa baadaye: alikabidhiwa fedha za msaada zikiwa zimefungwa kwa lakiri ili azifikishe kwa mkuu wa wilaya, njiani akakutana na wakulima wasio na ng'ombe hata mmoja, akafungua na kuwagawia. Serikali ikamwadhibu kwa hilo. Mwaka 1784 alikuwa amemzika mkewe Þórunn, na bado alikuwa anazunguka na farasi aliyebaki kuwazika wengine.

Sasa turudi kwenye nyasi, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Ule ufa ulitoa hewa kwa kiasi cha kutisha. Makadirio ni tani milioni 122 za salfa dioksidi. Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991, inayosifika kwa kupoza dunia, ilitoa kama tani milioni 15 hadi 20. Pamoja na salfa ilitoka florini, tani kama milioni 8. Florini hiyo ilijishika kwenye chembechembe za majivu, majivu yakatua kwenye malisho, kondoo wakala.

Sisi tuliokulia upande wa Arumeru tunaifahamu floraidi, yaani florini iliyoungana na vitu vingine. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia na, kwa waliokunywa maji mabaya zaidi tangu utotoni, kwenye miguu iliyopinda. Kwetu inaingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka. Kule Síða iliingia kwa wiki chache, na kwa kipimo kikubwa. Mwilini florini inaikamata kalsiamu, mifupa inaota mahali pasipostahili na damu inabaki bila kalsiamu ya kuendesha misuli.

Jón aliyaandika haya bila kujua florini ni nini, maana elementi hiyo ilikuja kutengwa na wanakemia miaka 100 baadaye. Anasema kondoo waliota manundu kwenye taya, kwenye mbavu na kwenye viungo vya miguu. Kwato zikachomoka. Farasi wakanyonyoka manyoya, ngozi ikaoza mgongoni. Meno yakaota marefu na yenye ncha, mnyama akashindwa kutafuna hata akipewa majani kavu mazuri ya mwaka uliopita. Mfugaji yeyote anayesoma hapa ajaribu kuingia zizini asubuhi na kukuta hali hiyo kwa kila mnyama.

Hesabu ya mwisho kwa nchi nzima: takriban asilimia 80 ya kondoo, nusu ya ng'ombe na nusu ya farasi. Wakati ule Aisilandi ilikuwa na watu wapatao 50,000. Walikufa zaidi ya 9,000. Kipindi hicho kinaitwa Móðuharðindin, taabu za ukungu, kwa sababu ule ukungu wa bluu wa salfa haukutoka machoni mwao majira yote ya joto.

#4

Mimi ni Mkenya na hii topiki imenigusa kiasi. 2010 nilikuwa nafanya kazi shamba moja la maua Naivasha. Tuliambiwa volkano imelipuka Aisilandi ndege haziendi Ulaya. Waridi zilijaa kwenye baridi mpaka zikakosa pa kuwekwa, nyingine zikalishwa ng'ombe, sisi tukaambiwa tukae nyumbani kwanza. Ni hii Laki iliamka tena ama ni ingine?

#5 – Mleta uzi

Ni nyingine, ndugu yangu, na pole kwa siku zile. Hiyo ilikuwa Eyjafjallajökull, iko kusini pia lakini magharibi zaidi, ng'ambo ya volkano ya Katla. Ilianza tarehe 20 Machi 2010 kwa ufa mdogo pembeni ambao watalii walikuwa wanaupanda kupiga picha. Kisha tarehe 14 Aprili ikahamia kileleni, chini ya barafu. Lava ikikutana na maji ya barafu inapasuka vipande vidogo sana, vikali kama unga wa kioo. Majivu hayo yakapanda kama kilomita 9, na upepo wa siku zile ulikuwa unaelekea moja kwa moja Ulaya. Injini ya ndege ikivuta unga huo unayeyuka ndani na kuganda kwenye mapanga. Anga ikafungwa, safari kama 100,000 zikafutwa, na wafanyakazi wa Naivasha, maelfu ya kilomita kutoka hapo, wakakosa vibarua.

Kwa ukubwa, ile ya 2010 ni ndogo mbele ya Laki. Hewa ya salfa iliyotoa ni kidogo sana. Yenyewe shida yake ilikuwa majivu na mwelekeo wa upepo. Laki ilikuwa na majivu kiasi, lakini nguvu yake ilikuwa kwenye hewa.

#6

Salamu kutoka Goma. Habari ya hewa kuua huku tunaijua vizuri. Kuna mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa kwenye mabonde, hasa upande wa karibu na ziwa Kivu. Haina rangi, haina harufu. Asubuhi na mapema kukiwa hakuna upepo unakuta mbuzi amelala amekufa, wakati mwingine mtoto. Mwaka 2021 Nyiragongo ilipotoa lava, watu wote waliangalia lava. Ila mazuku yako kila siku, hata mlima ukiwa umetulia. Nauliza: hiyo hewa ya Laki ilifika mbali kiasi gani?

#7 – Mleta uzi

Asante sana kwa mchango, hili la mazuku linastahili uzi wake. Hiyo ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini. Ya Laki ilienda juu. Sehemu kubwa ya ile salfa ilirushwa kilomita kama 9 hadi 13, kwenye mikondo ya pepo za juu, ikageuka matone madogo mno ya tindikali.

Tarehe 17 Juni ukungu ulikuwa Prague, tarehe 18 Berlin, tarehe 20 Paris, na kufikia tarehe 22 ulikuwa Uingereza. Jua la mchana lilionekana jekundu, ungeweza kulitazama bila kufumba macho. Watu wakaumwa vichwa na vifua, na kumbukumbu za parokia za Uingereza zinaonyesha vifo vilipanda sana mwishoni mwa majira ya joto na majira ya baridi yaliyofuata, hasa mikoa ya mashariki, ambako vibarua wa mashambani walikuwa wanafanya kazi nje kutwa.

Benjamin Franklin alikuwa Paris wakati huo kama balozi wa Marekani. Alifanya jaribio dogo: akakusanya miale ya jua kwa lenzi juu ya karatasi ya kaki, na karatasi ikawa haishiki moto ipasavyo. Mwaka 1784 akaandika kwamba huenda ukungu huo ulitokana na volkano ya Aisilandi, na kwamba ukungu kama huo unaweza kusababisha baridi kali. Kwa mtu asiye na setilaiti wala simu, hapo aliona mbali.

Majira ya baridi ya 1783 hadi 1784 yalikuwa makali kweli Ulaya na Amerika Kaskazini. Mabonge ya barafu yalionekana yakielea mto Mississippi hapo New Orleans. Niseme wazi kwamba wanasayansi wanabishana kuhusu baridi hii, wapo wanaoamini ilikuwa zamu ya kawaida ya hali ya hewa na Laki inasingiziwa. Binafsi naona hoja yao kwa majira ya baridi ina uzito. Kwa ule ukungu wa majira ya joto, hakuna ubishi.

Na athari zake zikafika Afrika. Mafuriko ya Nile mwaka 1783 yalikuwa hafifu, na ya 1784 vile vile. Msafiri Mfaransa Volney, aliyekuwa Misri miaka hiyo, aliandika kwamba kufikia Januari 1785 nchi ilikuwa imepoteza karibu moja ya sita ya watu wake kwa kufa au kuhama.

#8

Mkuu, mpaka Nile tulikuwa pamoja. Hapo Misri naona umeivuta kamba sana. Ukame unatokea kila siku, bila volkano.

#9 – Mleta uzi

Swali la haki. Maji ya mafuriko ya Nile kwa sehemu kubwa yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, kwenye mvua za Juni hadi Septemba. Mvua hizo zinakuja kwa sababu nchi kavu ya kaskazini inapata joto kuliko bahari, joto hilo linavuta pepo zenye unyevu kuelekea bara. Sasa weka pazia la salfa juu ya nusu ya kaskazini ya dunia kuanzia Juni, mwezi ule ule. Nchi kavu haipati joto lake, mvuto unapungua, ukanda wa mvua unabaki kusini. Mwaka 2006 watafiti waliiingiza Laki kwenye kompyuta zinazoiga hali ya hewa, wakapata kitu hicho hicho: mvua inapungua ukanda wa Saheli na Ethiopia, na maji ya Nile yanashuka. Halafu milipuko mingine mikubwa ya latitudo za juu, ikiwamo Katmai ya Alaska mwaka 1912, imefuatiwa na Nile hafifu. Ukame mmoja ungekuwa bahati mbaya. Hapa kuna sababu, kuna hesabu na kuna mfano zaidi ya mmoja.

Lakini nakubaliana nawe kwa hili: Misri ya wakati ule ilikuwa na watawala Mamluki wakigombana, kodi nzito na tauni. Volkano iliondoa maji. Njaa ilipikwa na wengi.

#10

Swali langu ni jepesi. Aisilandi ni kisiwa, bahari imejaa samaki. Kwa nini wafe njaa?

#11 – Mleta uzi

Hata mimi lilinisumbua, na jibu lake linauma. Kwanza, wengi walikuwa wafugaji wa bara, na safari ya kwenda pwani kuvua au kununua samaki ilifanywa kwa farasi. Farasi nusu wamekufa, waliobaki hawana nguvu. Pili, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mashua ndogo za makasia zilikosa namna ya kuona njia. Tatu, biashara yote ya nje ilikuwa mikononi mwa Denmaki kwa hodhi ya kifalme (haki ya kufanya biashara peke yao), meli chache, bandari chache, bei zao.

Habari zilifika Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, Septemba 1783. Meli ya uchunguzi na msaada ikaondoka vuli, ikakwama kwa dhoruba, ikalazimika kupisha baridi Norwe, ikaingia Aisilandi Aprili 1784. Miezi 10 tangu siku ya kwanza! Watu walikuwa wanachemsha ngozi za viatu. Na kama hiyo haitoshi, Agosti 1784 tetemeko kubwa likapiga nyanda za kusini na kubomoa mamia ya nyumba. Ile hodhi ya biashara ilivunjwa miaka michache baadaye, na naamini njaa hii ilichangia kuivunja.

Lingine ambalo halisemwi sana: hata kreta zenyewe hazikupandwa na mtaalamu hadi mwaka 1794, alipofika daktari Sveinn Pálsson. Miaka 10 watu walikuwa wanaishi kando ya kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa karibu na kukieleza.

#12

Inaweza kurudi?

#13 – Mleta uzi

Inaweza. Katika miaka ya 930 ufa wa Eldgjá, jirani wa Laki katika mfumo wa Katla, ulitoa lava nyingi kuliko Laki, kwa hiyo ndani ya miaka 1,100 tunayo miwili ya aina hiyo, na yote wilaya moja. Mwaka 2011 watafiti walikadiria kwamba Laki ikijirudia leo, vifo vya ziada vya moyo na mapafu Ulaya vingekuwa takriban 142,000 katika mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata Uingereza ikauingiza mlipuko wa aina hiyo kwenye daftari lake la hatari za kitaifa.

Tulipata mfano mdogo kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2015 pale Holuhraun, kaskazini mwa Vatnajökull. Miezi sita, lava kilomita za ujazo 1.4 hivi, kama sehemu moja ya kumi ya Laki. Salfa ilitoka kama tani milioni 11. Hakuna aliyeuawa na hewa, kwa sababu mashine za kupima zilikuwa zimesambazwa, utabiri wa salfa ukitangazwa kila siku, na simu zikipokea ujumbe: fungeni madirisha, watoto wabaki ndani.

Na Klaustur yenyewe, usharika ule ule wa Jón, ilionjeshwa Mei 2011. Grímsvötn ililipuka tarehe 21, mchana ukawa usiku kwa majivu, na ilikuwa majira ya kondoo kuzaa. Baadhi ya kondoo walikufa. Lakini wakulima walikuwa na mabanda ya kuwaingiza, wana majani makavu ghalani, na watu walikuja kuwasaidia kukusanya mifugo. Majivu yalipopimwa, florini ilikuwa kidogo. Kwa mfugaji, swali la kwanza ni hilo la florini, kabla ya lava na kabla ya ndege.

Ndugu wa Goma, kama mna taarifa za vipimo vya maji na malisho karibu na volkano ya Nyamuragira, wekeni hapa. Na wafugaji wa Gelai na Engaresero mliohama na mifugo volkano ya Ol Doinyo Lengai ilipotema majivu 2007, nawaomba msimulie mliyoyaona kwenye malisho. Nitarudi jioni kujibu maswali mengine.